Akili Unde Dukani: Darsa ya Muamalat kwa Biashara Ndogo za Mpakani



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanachuo, wengi wetu ni watoto wa wafanyabiashara wadogo. Karo tunayolipa imetoka kwenye magunia ya mahindi, mitumba, samaki wakavu, fundi cherehani au boda boda. Kwa hiyo likija jambo jipya sokoni, limekuja nyumbani kwetu. Jambo lililokuja sasa ni mashine zinazofanya kazi zenyewe na programu zinazotoa majibu kama mtu. Wazazi wetu wanauliza: tuziingize dukani au tuziache? Nao wanatuuliza sisi, kwa kuwa tuko chuoni.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si mhandisi wa kompyuta wala si mufti. Nitakayoyaandika ni yale niliyosoma kwa walimu wetu katika somo la muamalat, nikayapima na ninayoyaona kwetu Kiyeyi, katika eneo hili la Tororo na Busia. Palipo na hukumu nimetaja asili yake. Palipo na rai yangu nimesema ni rai yangu.

1. Tunazungumzia nini?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mashine kujiendesha, yaani kazi ya kurudiarudia kuachiwa chombo kiifanye kwa kanuni uliyoiweka wewe. Mizani ya umeme inayopiga hesabu ya bei ni mfano. Simu inayomjibu mteja usiku kwamba duka litafunguliwa saa mbili asubuhi ni mfano mwingine. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ina majibu ya namna hiyo na orodha ya bidhaa, bila malipo. Hapa mashine haifikirii chochote, inatii tu.

La pili ni akili unde, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita akili mnemba. Hii hujifunza kutokana na data nyingi, kisha hukisia. Hukisia neno linalofuata, ugonjwa ulio kwenye picha ya jani, au kama mkopaji atalipa. Ndugu zangu, lishikeni neno hilo *hukisia*. Kisio likiwa zuri huitwa utabiri mzuri, likiwa baya huwa hasara, lakini yote mawili ni kisio. Darsa yetu nzima imesimama hapo.

Na biashara ndogo ni ipi? Kwa vipimo vinavyotumika Uganda, biashara ndogo kabisa ina watu wasiozidi 4, ndogo ina watu 5 hadi 49, na ya kati ina watu 50 hadi 100. Maduka mengi ya kwetu yako kwenye kundi la kwanza: mama, mwanawe, na kijana mmoja wa kubeba mizigo.

2. Mpaka wetu na vyombo vipya

Asidhani mtu kwamba watu wa mpakani ni wageni wa mambo mapya. Jina boda boda lenyewe linahusishwa na Busia hii hii: vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli ikawa pikipiki, na pikipiki za Kampala zikaingia kwenye programu za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, MTN ikaleta huduma ya pesa kwa simu Uganda mwaka 2009, na leo mama anayeuza nyanya anapokea pesa za nchi mbili kwa laini mbili.

Serikali nazo zimeingia. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 ana utaratibu wake uliorahisishwa. Mamlaka ya mapato ya Uganda ilianza kulazimisha ankara za kielektroniki za EFRIS Januari 2021 kwa waliosajiliwa kodi ya ongezeko la thamani, na Kenya ikaleta eTIMS mwaka 2023. Mnakumbuka pia kwamba Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiilalamikia EFRIS. Hilo litufundishe kwamba chombo kikiletwa bila watu kukielewa, hata chenye faida hugeuka kuwa adhabu.

Na akili unde yenyewe iko karibu kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamefanya kazi miaka mingi ya kutambua maradhi ya muhogo kwa picha ya simu. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wenzao, inaongea Kiswahili na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Nani asiyejua kwetu muhogo ni nini? Anayenunua shehena ya muhogo shambani akiwa na simu ya namna hiyo anaona mapema kile ambacho zamani angekiona baada ya kulipa.

3. Asili ya hukumu

Kanuni ya wanazuoni wengi katika muamalat ni kwamba asili ya mambo ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Katika ibada tunauliza dalili ya kufanya, na katika biashara tunauliza dalili ya kukataza. Imepokewa katika Sahih Muslim kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mikono. Mtume (s.a.w.) alisema neno kwa dhana yake, wakaacha, mavuno yakapungua, naye akawabainishia kwamba katika ufundi wa dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Basi ufundi hautafutiwi aya ya kuutaja kwa jina. Mashine ya hesabu haihitaji dalili yake peke yake, kama vile jembe halikuihitaji.

Lakini uhalali wa chombo hauhalalishi kila kinachofanywa nacho. Kisu ni halali, na kinachinja mbuzi wako na mbuzi wa jirani vilevile. Kwa hiyo swali la Muislamu si kama akili unde ni halali. Anapaswa kuuliza mkataba gani unafanyika kwa chombo hiki, na ndani yake kuna riba, gharar, udanganyifu au dhuluma? Tupite mlango mmoja mmoja.

4. Mlango wa kwanza: daftari

Shangazi yangu ana duka la nafaka na saruji. Likizo iliyopita nilimweleza mambo haya, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu itanifanyia nini ambacho daftari langu halinifanyii?" Nikaomba nilione daftari. Lilikuwa na majina ya wanaodaiwa. Manunuzi hayamo, mauzo ya fedha taslimu hayamo, na gharama ya kusafirisha anaiweka kichwani.

Jawabu la swali lake ni kwamba simu haitamfanyia kitu, kwa sasa. Akili unde hula kumbukumbu, na pasipo kumbukumbu haina chakula. Na hapa dini ilitangulia teknolojia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haikuhusu sala wala saumu. Inaamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi awe mwadilifu, asidharauliwe udogo wa deni, na mashahidi wawepo. Wafasiri wamejadili kama amri hiyo ni ya wajibu au ya kupendekezwa, na wengi wamesema ni ya kupendekezwa, lakini hakuna aliyesema kuandika si muhimu. Muislamu anayenunua programu ya akili unde na hana daftari ameruka ngazi ya chini.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme duka linauza mifuko 6 ya saruji kwa siku, na mzigo ukiagizwa unafika baada ya siku 3. Mwenye duka anataka akiba ya mifuko 4 kwa dharura. Basi aagize mifuko ikibaki 22, kwa kuwa 6 mara 3 ni 18, ukiongeza 4 ni 22. Hesabu hiyo inafanyika kwenye jedwali la simu ya kawaida, na simu ikakukumbusha yenyewe siku ikifika. Hiyo ni mashine kujiendesha. Akili unde inaingia pale mauzo yanapopanda na kushuka kwa sababu nyingi: mvua, shule kufunguliwa, mwezi wa Ramadhani, shilingi ya Kenya kupanda. Ili ikisie hayo inahitaji kumbukumbu za misimu kadhaa.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni huu: miezi mitatu ya daftari kamili la mauzo, manunuzi na gharama; kisha jedwali la simu; kisha kazi moja tu iachiwe mashine; kisha, kama faida imeonekana kwa tarakimu, ndipo akili unde. Anayeanza na ngazi ya nne huwa ananunua jina tu.

5. Mlango wa pili: mkataba bila mdomo

Mteja akiagiza kwa simu usiku, mashine ikakubali na pesa ikakatwa mwenye duka akiwa amelala, je, kuna ijabu na kabuli? Sisi wa Afrika Mashariki wengi ni Mashafii, na wanachuo wa madhehebu yetu wa zamani walishikilia kwamba mauzo yafungwe kwa tamko. Mauzo ya kupeana bila maneno huitwa mu'atat. Wanazuoni wa madhehebu mengine wengi waliyasahihisha, na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu ya Shafii, alichagua kuyasahihisha katika yale ambayo desturi ya watu inayahesabu kuwa mauzo. Basi tamko si sharti la kutukwamisha. Tunachokitafuta ni ridhaa, na alama yake ni ile inayojulikana kwa watu.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita mjini Jeddah, Machi 1990, lilikubali mikataba kwa vyombo vya mawasiliano, ikiwemo kompyuta. Lakini lilitoa baadhi nje ya kanuni hiyo: nikaha, kwa sababu ya mashahidi, ubadilishaji wa sarafu, kwa sababu ya sharti la kukabidhiana papo hapo, na salam, kwa sababu ya sharti la kutanguliza malipo.

Watu wa Busia, hilo la sarafu linatuhusu kuliko watu wengine. Shilingi ya Kenya na shilingi ya Uganda ni jinsi mbili. Kiwango kinaweza kutofautiana kadiri mtakavyokubaliana, lakini kukabidhiana kuwe papo hapo, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri ya Ubada bin Samit katika Sahih Muslim. Kikao hicho hicho cha 1990 kilieleza kwamba kuingia kwa pesa kwenye akaunti ya mtu kunahesabika kuwa ni kukabidhi kihukumu. Kwa hiyo, programu ikibadilisha na pesa zikaingia pande zote mbili wakati uleule, hakuna tatizo. Lakini ikifunga kiwango leo, upande mmoja ukalipa leo na wa pili ukalipwa kesho, huo ni mlango wa riba ya kuchelewesha, hata kama hakuna aliyekusudia. Anayeweka mashine ya kubadilisha fedha aulize swali hili kabla ya kuuliza bei yake: pesa zinaingia lini kila upande?

6. Mlango wa tatu: habari za bei

Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kwenda kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni. Katika mapokeo ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo hayo. Sababu yake iko wazi. Anayekutana na mkulima njiani anajua bei ya soko, na mkulima haijui. Jambo linalokatazwa ni kuitumia tofauti hiyo ya habari kumpunja.

Kwetu kisa hicho hakijapita. Pikipiki zinaingia vijijini wakati wa mavuno, gunia linanunuliwa shambani kwa bei ya shida, na Busia linauzwa kwa bei nyingine. Si kila dalali ni dhalimu. Anayebeba gharama ya njia na hatari ya mvua anastahili faida. Lakini mkulima anapofichwa bei, tumerudi kwenye msafara wa njiani.

Hapa teknolojia inaweza kuwa rehema. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki lina mtandao wa habari za bei uitwao RATIN. Huduma ya Sauti ilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa mpakani, hasa wanawake, wapate bei za masoko, viwango vya sarafu na taratibu za kuvuka, kwa kubonyeza namba fupi hata kwenye simu ya kawaida. Mkulima akijua bei, hiari aliyopewa na hadithi anaipata kabla hajauza.

Lakini chombo hicho hicho kinaweza kugeuzwa. Mnunuzi mkubwa mwenye akili unde anaweza kukisia nani ana karo ya kulipa wiki hii na atakubali bei ya chini. Anaweza kumwonyesha kila mtu bei yake kwa kadiri ya shida yake. Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapangia watu bei, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwa hiyo bei kupanda na kushuka kwa hali ya soko si haramu. Lakini kumpeleleza mtu shida yake ili umkamue ni jambo jingine. Kwa rai yangu linaingia katika ghabn, yaani upunjaji, na katika kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana.

Na kuna najshi, yaani kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo asiyetaka kununua. Leo najshi inaandikwa na mashine: sifa hamsini za wateja ambao hawapo, picha ya bidhaa iliyopambwa kuliko ilivyo. Kumbukeni kisa cha muuza chakula ambaye Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya rundo lake akakuta unyevu chini, akamkemea. Picha ya mahindi iliyokaushwa na akili unde, hali ghalani yana unyevu, ni rundo lile lile.

7. Mlango wa nne: mashine ikikosea, nani alipe?

Tuseme simu ya duka imemjibu mteja kwamba mbegu fulani ni ya msimu mfupi, akanunua, akapanda, akakosa. Mwenye duka anasema, "Si mimi niliyejibu, ni mashine." Je, udhuru huu unasimama?

Katika fiqhi, anayebeba haki na wajibu ni mwenye dhima, na dhima ni ya mwanadamu. Mashine haina dhima, haiapi, haitubii, hailipi. Kwa hiyo haiwezi kuwa wakili kwa maana ya kisheria. Ni ala tu, kama kalamu. Mafakihi walijadili pia mnyama. Anayejeruhi akiwa amejiondokea hana wa kulipa, kama ilivyo katika hadithi, lakini aliyempanda au anayemwongoza hudhamini uharibifu wake, kwa ufafanuzi ulio katika vitabu. Kwa rai yangu ya kimwanafunzi, mwenye duka aliyeiwasha mashine na kuipa jina la duka lake ndiye aliyepanda mnyama. Kama kampuni iliyomuuzia imemficha kasoro, ana haki ya kuirudia, lakini mteja hatupwi kati ya wawili hao.

Kutokana na hapo ninatoa kanuni tatu za dukani. Ya kwanza, mteja aambiwe kwamba anajibiwa na mashine, maana hadithi ya hiari ya wauzianao imefungamanisha baraka na ukweli na kubainisha. Ya pili, maswali ya dawa, mbegu, vipimo vya chakula na uhalali wa bidhaa yasijibiwe na mashine peke yake. Ya tatu, kila siku mtu apitie majibu yaliyotoka.

Na hapa nawaonya wenzangu wa masomo ya Kiislamu kwa namna ya pekee. Programu hizi hutunga. Ukiziuliza hadithi, zinaweza kukupa matini nzuri, mpokezi na namba, na hadithi yenyewe isiwepo katika kitabu chochote. Haidanganyi kwa kukusudia, inakisia maneno yanayofanana na hadithi. Lakini anayeisambaza ana masuulia. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tuhakikishe habari, na aya ya 36 ya Suratul Israa inatukataza kufuata tusilolijua. Fatwa ya biashara ya mzazi wako usiitoe huko.

8. Mlango wa tano: mkopo ndani ya simu

Akili unde iliyowagusa wafanyabiashara wetu wengi kabla ya zote ni ile inayokisia kama utalipa deni. M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012, mteja alianza kupimwa kwa nyendo zake za simu na pesa, bila dhamana wala afisa wa mkopo. Ni kweli ilifungua mlango kwa watu ambao benki zilikuwa hazitaki hata kuwaona. Lakini ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Na kila mkopo wenye nyongeza iliyoshurutishwa, wanazuoni wanauhesabu kuwa ni riba, liitwe jina lolote. Kasi ya mashine haibadilishi hukumu, ila inakupunguzia tu muda wa kufikiri.

Kuna na madhara ya heshima. Baadhi ya wakopeshaji wa mitandaoni nchini Kenya walikuwa wakipigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha, na malalamiko hayo yakachangia sheria ya mwaka 2021 iliyowaweka chini ya Benki Kuu. Uislamu umeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, aya ya 280 ya Baqara, hatua chache kabla ya ile ya kuandika deni.

Shangazi aliletewa mpango wa namna hii: mashine ya kuuzia, programu ya akili unde, na mkopo wa kulipia vyote, vikiwa kifurushi kimoja. Tuliketi tukapiga hesabu. Bila mkopo, chombo kile kingehitaji kumwokolea pesa ambazo duka lake halipotezi. Pamoja na mkopo, kulikuwa na riba juu yake. Akaacha kifurushi, akachukua kilicho bure: orodha ya bidhaa kwenye WhatsApp Business na jedwali la hesabu. Kijana wake wa mizigo, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye anayeliandika.

Njia za halali zipo, ingawa ni chache. Kenya ina benki za Kiislamu tangu 2008. Uganda ilirekebisha sheria ya taasisi za fedha mwaka 2016, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni ya kwanza ya benki ya Kiislamu nchini. Kwa chombo cha dukani, murabaha au ijara vinafaa. Na kwa kikundi cha akina mama wa soko, musharaka ya kununua mizani moja nzuri au jokofu la pamoja hauhitaji benki yoyote, unahitaji uaminifu na maandishi.

9. Mlango wa sita: siri za wateja na riziki ya wafanyakazi

Daftari la madeni ni amana. Ndani yake kuna nani hana kitu, nani ananunua dawa gani, nani amekopa unga mara tatu wiki hii. Likiwa karatasi chini ya kaunta, siri hiyo iko kijijini. Ukilipiga picha ukalitia kwenye programu ya bure, umelipeleka kwa watu usiowajua. Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na kwa Muislamu hukumu ya amana ilitangulia sheria hizo. Futa majina, tumia namba, ndipo uiulize mashine hesabu.

Kuhusu wafanyakazi, sisemi kwamba kila kazi ya zamani ilindwe milele. Waliokuwa wakisaga kwa mawe walipumzika mashine za kusaga zilipofika. Lakini duka la watu watatu halina ofisi ya kumhamishia aliyepunguzwa. Kijana akiondoka, ameondoka na chakula cha nyumba nzima. Ninaloliona sawa ni kwamba chombo kimwondolee mfanyakazi uchovu kabla ya kumwondolea kazi, na muda uliookolewa ufunguliwe kazi nyingine: kupeleka mizigo, kufuatilia madeni kwa upole, kutafuta bei. Na ujira ulipwe kwa wakati, kama ilivyopokewa na Ibn Majah, kabla jasho halijakauka. Mashine haina jasho, ndiyo maana ni rahisi kuwasahau wenye nalo.

10. Kazi yetu

Ndugu zangu na dada zangu, tuna faida ambayo wauzaji wa programu hawana. Tunajua Kiswahili na lugha za nyumbani, na tunaaminiwa na wazazi wetu. Sunbird AI ya Kampala imekusanya data za Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kilugbara na Ateso ili mashine zielewe lugha zetu, lakini Dhopadhola ya Kiyeyi haikuwa katika tano hizo za mwanzo. Mtu wa kumfasiria mama muuza karanga kile programu inachosema bado ni wewe.

Napendekeza kila mwanachama likizo ijayo achukue duka moja tu, la jamaa au la jirani. Amsaidie mwenyewe kuanzisha daftari kamili, asimuuzie kitu, asimpakulie programu yoyote kabla ya miezi mitatu, na arudi na tarakimu tuzijadili katika halaka. Huo utakuwa utafiti wetu, na inshaallah utakuwa sadaka pia.

Maswali ya halaka

1. Taja tofauti ya mashine kujiendesha na akili unde kwa mifano miwili ya soko la kwenu.
2. Mfanyabiashara amebadilisha shilingi za Kenya kwa programu, akatoa zake Ijumaa na kulipwa Jumatatu. Jadili hukumu yake.
3. Je, dalali anayetumia habari za bei kununua kijijini anaingia katika katazo la kupokea msafara? Ni lini anaingia na ni lini haingii?
4. Mashine ya duka imetoa bei ya chini kwa makosa na mteja amelipa. Nini haki ya kila upande?
5. Pitia daftari la duka unalolijua. Ni habari gani ndani yake hungependa itoke nje?

Tunamuomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa, riziki ya halali na matendo yanayokubaliwa. Awape baraka wazazi wetu katika vipimo na mizani yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.